Mardhiya Simai na Chumba cha Binti Mfalme

Mardhiya Simai aliacha kusomesha jiografia akiwa na miaka thelathini na mbili, akaenda kutembeza wageni. Mimi nilikuwa nasomesha naye skuli moja, na siku aliyoaga alinambia, "Nshachoka kuwaonesha watoto kisiwa chao kwenye ramani. Nnakwenda kuwaonesha wenye macho." Hakukaa mwaka akaja kunambia kwamba wenye macho hawaoni kitu.

Ulimi wake ulikuwa mkali tangu ujana. Kitaliano alijifunza pwani ya Kiwengwa kwa kusikiliza wageni wakigombana, na mpaka leo kwa lugha hiyo anajua kutukana vizuri kuliko kuomba samahani. Miaka miwili iliyopita alichukuliwa na kampuni ya Sabri, kijana aliyesoma Malaysia akarudi na suti tatu na safari ya siku sita aliyoiita "Unguja Polepole". Mardhiya alilichukia jina hilo.

"Mtu wa hapa akichelewa kazini anaitwa mvivu," aliniambia. "Mgeni akilala mpaka saa sita mchana, ati anaonja utamaduni wetu."

Siku ya kwanza ya safari ilikuwa Mji Mkongwe. Wageni walisimama Mkunazini wakapiga picha nguo za ndani za watu zilizoanikwa, kisha wakamuuliza Mardhiya wenyeji wana desturi gani za heshima. Siku ya pili Kidichi, kwenye mashamba ya viungo. Huko walivishwa kofia na tai za makuti, wanaume wazima na vitambi vyao, wakapakwa rangi nyekundu ya mzingifuri midomoni, wakacheka kama watoto. Karibu yake ndipo yalipo mahamamu ya Kiajemi, na Sabri alikuwa amewaandikia watembezaji wake maneno ya kusema: kwamba mfalme alikuwa akioga humo na wanawake mia.

"Umewahi kuingia humo ndani, Sabri?" Mardhiya alimuuliza. "Hao mia wangekaa wapi, mabegani kwake?"

Sabri hakuwahi kuingia. Hata Jozani, msitu wa siku ya tatu, hakuwahi kufika. Ndiyo maana aliwaahidi wageni kwenye tangazo lake kwamba kima punju watawakalia mapajani, na kila wiki Mardhiya alikuwa msituni akiwaeleza watu waliovimba kwa hasira kwamba kima si paka, hawaitwi wala hawashikwi. Siku ya nne Nungwi. Wageni walilala juu ya vitanda vya pwani siku nzima, jioni wakauliza kijiji chenyewe kiko wapi. "Mmekilalia," alikuwa akiwajibu, na wao wakidhani anatania.

Siku ya tano waliteremka Paje. Mwanamke mmoja alikuwa ndani ya maji tangu alfajiri akifunga mwani kwenye kamba, mgongo umepinda, vidole vimechubuka. Mgeni mmoja mwenye kofia pana akamsogelea, akamwambia kwa Kitaliano kwamba ana bahati kuishi maisha yasiyo na haraka.

"Anasemaje huyu?" mwanamke akauliza.

"Anakusalimu," akasema Mardhiya.

"Marahaba," akasema yule mwanamke, akainama tena.

Siku ya sita walirudi mjini, kwenye hoteli moja ya Kiponda inayojiita Kasri la Binti Mfalme. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Mardhiya hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Kasri hilo ndimo alimozaliwa. Baba yake, Fundi Simai, alipanga vyumba viwili vya ghorofa ya juu, cherehani yake ikiwa dirishani kwa ajili ya mwanga. Mwenye nyumba alipouza, wapangaji wote walitolewa. Fundi Simai alihamia Mwembemakumbi na mkewe, Bi Sichana, na huko hakumaliza miaka miwili, akafariki.

Kwenye chumba cha cherehani hoteli ilimweka msichana anayeitwa Nassra, amevaa nguo za nyuzi za dhahabu, kazi yake kuwahadithia wageni. Alieleza kwamba binti mfalme alifungiwa mle miaka saba kwa kumpenda nahodha, na kwamba zile alama zilizokwaruzwa ukutani karibu na mlango ni za kucha zake, akihesabu siku. Nassra alisema kwa Kiswahili ili wageni wasikie uzuri wa lugha. Mardhiya alifasiri. Kila wiki, kwa miaka miwili, aliingia chumba kile, akafasiri, akatoka.

Bi Sichana hakujua habari za hadithi hiyo. Alijua tu kwamba mwanawe anaingia kwenye nyumba yake ya zamani, na kila Idi alikuwa akimwomba ampeleke. Mardhiya alikuwa na sababu mpya kila mara: ngazi ndefu, mlinzi mkali, mvua. Idi iliyopita bibi alikasirika kweli.

"Watu wa Ulaya yote unawapeleka," alisema. "Mie niliyezaa mle watoto saba unanificha. Una haya nami?"

Wiki iliyofuata, siku ya sita ya safari, Mardhiya alimpitia mama yake, wakaungana na wageni mlangoni. Mlinzi alitaka kumzuia bibi. Mardhiya akamwambia ni mgeni wa kampuni, akamshika mama yake mkono, wakapanda ngazi polepole, wageni wanane wakiwafuata nyuma wakihema.

Bi Sichana alipoingia chumbani alisimama katikati, akaangalia dari, akaangalia dirisha. Nassra akamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Kisha Nassra akaanza hadithi yake. Bibi alimsikiliza mpaka kwenye kucha. Hapo aliuliza kwa sauti, "Kucha za nani?"

"Za binti mfalme, bibi."

"Nani kakudanganya?" Alitembea mpaka ukutani, akaweka kiganja. "Huu ni mkasi wa Simai. Kila Idi akiwapanga wanangu hapa, akiwapima urefu kabla ya kuwakatia nguo. Huyu Hamid. Huyu Mardhiya, kashaanza kuwa mrefu. Na hii ya chini ni ya Ummy. Ya Ummy ni moja tu. Mwaka wa pili surua ilimchukua."

Nassra aliinamisha uso. Wageni hawakufahamu neno, lakini walisikia sauti ya bibi, wakamgeukia mtembezaji wao. Mgeni mmoja akauliza, "Anasema nini?"

Mardhiya ananiambia kwamba pale alikuwa na jibu tayari. Angeweza kusema bibi anasifu chumba, na wote wangeshuka kunywa juisi ya ukwaju. Badala yake alifasiri neno kwa neno: mkasi, Idi, Hamid, Ummy, surua. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe ilibidi aanze tena. Mwisho akaongeza kwa Kitaliano, "Na mimi nimewadanganya wenzenu hapa kwa miaka miwili, nami nilikuwa najua."

Mwanamke mmoja akatoa simu, akaomba bibi asimame vile vile, mkono ukutani.

"Mwambie sikuja kupigwa picha," akasema Bi Sichana. "Nimekuja kuona kwangu."

Sabri alikuwa anangoja chini, kashapigiwa simu na wenye hoteli.

"Bi Mardhiya, umeniharibia kazi."

"Kazi gani, Sabri? Ya kuandika uongo kwa sehemu ambazo hujafika?"

Alifukuzwa mchana ule ule, mbele ya mama yake. Wakarudi nyumbani, na bibi njiani hakuuliza lolote ila hili: "Ulikuwa ukisema na wewe kuwa ni kucha?"

"Naam, mama. Nilikuwa nasema."

Bi Sichana aligeuza uso. Siku nne hakumsemesha.

Wageni wale wakaandika mtandaoni kwamba hawajapata kusikia kitu kilichowagusa kama kile. Wenye hoteli wakasoma. Mwezi haukwisha, alama zile zikafunikwa kioo, na pembeni kikawekwa kibao: fundi maskini alizikwaruza akimsubiri mpenzi wake arudi kutoka safarini. Wakamwita Mardhiya, wakamkirimu kahawa, wakamtaka awe ndiye mhadithiaji.

"Niliwaambia kioo kibaki, kibao kitoke," alinisimulia. "Wakanambia wageni wanapenda mapenzi. Nikaiacha kahawa yao pale pale. Unajua, nimewadharau watu wengi kwenye kazi hii, lakini wale wageni walidanganywa tu. Mie je? Mie nilisimama mbele ya alama ya mdogo wangu nikaiita kucha."

Kweli alifanya hivyo.

Siku hizi anatembeza watu wanne wanne, kwa jina lake mwenyewe, na Kiponda hapiti. Juzi alikuwa Kidichi. Mgeni mmoja alichoka na maelezo yake ya nani alilima mikarafuu ile na kwa hali gani, akasema hakuja kusomeshwa, akaita gari arudi mjini. Mardhiya alimwonesha kivuli cha kungojea, akaendelea na watatu waliobaki.