Sala ya Kufunga Niliyoikatalia Bungoma

Mimi ni mtu wa subira. Nimefundisha katekisimu Kitale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na watoto wasioshika Amri ya Nne nimewarudia kila Jumamosi bila kupandisha sauti. Hasira niliyoipata Bungoma niliiungama. Padri aliponiuliza kama naijutia, nilimwomba arudie swali.

Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu wangu. Anasoma chuo kikuu pale Kibabii, na yeye na wenzake watatu wana bendi ya roki. Magitaa yao yananguruma mpaka kifua kinatetemeka. Nyimbo wanatunga wenyewe, na hawana tajiri wa kuwashika mkono. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikuwa ameapa kwamba muhula ukiisha gitaa litauzwa, maana hakuna aliyewahi kuwaita popote. Tamasha moja la muziki pale Bungoma ndilo lililowaita mara ya kwanza. Mjukuu akanipigia simu: "Kuka, babu yangu, njoo uone kwa macho yako, halafu umwambie baba. Wewe hawezi kukubishia." Jirani yangu alikuwa anapeleka mbegu Bungoma, akanibeba.

Ukumbini waliona mvi zangu, wakaniketisha mstari wa mbele. Vijana walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Bendi mbili zilipiga, na ya mjukuu wangu ikapanda jukwaani kuunganisha nyaya. Hapo akaingia mheshimiwa fulani ambaye hakuna aliyemtarajia.

Kwetu mgeni wa namna hiyo hapiti bila kutambuliwa. Mshereheshaji aliwaomba watoto wangoje kidogo tu. Mheshimiwa akasalimia. Kisha akawaita aliokuja nao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasalimia, na kila mmoja akasema hana mengi. Mheshimiwa aliposhika tena kipaza sauti alieleza habari za barabara, za mahindi ya Tongaren, na za maadui zake. Mjukuu wangu alisimama nyuma yake muda huo wote, gitaa shingoni, kama mtumishi anayengoja kutumwa. Wale vijana walikuwa wamelipa kiingilio wasikie muziki. Sasa walisikilizishwa kampeni, na aliyenung'unika akakemewa kwamba hana adabu. Adabu ya nani?

Alipomaliza, saa za ukumbi zilikuwa zimekaribia kwisha. Mshereheshaji akaniangalia, akatabasamu.

"Muda umetukimbia, bana. Mzee wetu hapa mbele, njoo utufungie na maombi."

Nilimwona mjukuu wangu akianza kuchomoa waya.

Nilipanda. Watu wakasimama, kofia zikavuliwa, hata mheshimiwa akainamisha kichwa. Katika nchi hii hakuna atokaye kabla ya sala ya kufunga. Hilo nilikuwa nalijua kuliko wote mle ndani.

"Sifungi," nikasema. "Hawa watoto hawajapiga. Wakipiga, nitaomba."

Mshereheshaji akaninong'oneza, "Mzee, si uombe tu kidogo?"

"Mungu hapewi shukrani ya chakula ambacho watu hawajakila."

Nyuma mtu akacheka, kisha ukumbi mzima. Mheshimiwa alitazama mlango, akatazama waliosimama kofia mkononi, akaketi. Mimi nilisimama palepale na kipaza sauti mkononi, mjukuu wangu akarudisha waya.

Walipiga nyimbo tatu. Maneno sikuyashika yote, na masikio yaliniuma. Lakini kiitikio kiliporudi niliona vijana wakiimba na mjukuu wangu wimbo ambao yeye ndiye aliyeutunga. Ndipo nikaomba, kwa ufupi.

Nyumbani nilimsimulia mwanangu yote bila kupunguza. Akauliza kama ni kweli watu waliimba naye. Nikasema ndiyo. Gitaa halikuuzwa.

Lakini hadi leo hakuna aliyemwomba yule mtoto radhi kwa kusimamishwa vile mbele ya watu. Namwomba Mungu anisaidie kusamehe, naye naona hana haraka.