Kadi ya Basi ya Joab Opondo

Joab Opondo alifika nchi hii ya majani chai mwaka wa 1976, akiwa na miaka ishirini na miwili na sanduku moja la mbao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Joab alipewa jembe siku ileile, kabla hajaonyeshwa pa kulala, akaambiwa apalilie. Mwaka uliofuata walimtoa shambani wakampeleka kiwandani, kwenye boila, na huko alikaa miaka thelathini na saba akilisha tanuri kuni za mkaratusi. Watu hunywa chai wakidhani majani hujikausha yenyewe. Yalikuwa yakikaushwa na Joab.

Alistaafu mwaka wa 2014. Sote tulijua angehamia kwao Ugenya, kwa sababu alikuwa ametuambia hivyo tangu nikiwa mtoto. Huko alikuwa amejenga nyumba ya mabati, vyumba vitatu, na ndani yake waliishi popo. Yeye akapanga chumba nyuma ya soko letu pamoja na mkewe Akello, aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, akasema ni kwa muda tu. Muda huo sasa una miaka kumi na moja.

Mimi ni Janefer Kemuma. Nina duka la fotokopi, ukitoka Roret kuelekea Sotik, karibu na mpaka wa kaunti mbili. Liko katika kaunti ipi sitasema, kwa sababu leseni yangu hufanywa upya kila Januari. Hapo ndipo watu huja kujaziwa fomu za serikali. Nimejaza fomu za mbolea, za basari, za bima, na za kuomba fomu nyingine. Najua kazi yangu, ila najua pia kwamba mdomo wangu ni mwepesi na subira yangu ni fupi, na katika habari hii nilikosa mahali palepale ambapo ningepaswa kuutumia huo mdomo.

Miaka miwili iliyopita figo za Akello zilikataa kazi. Bima ililipa mashine ya kusafisha damu huko Kericho, mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Bima haikulipa nauli ya matatu. Kwenda wawili na kurudi wawili, mara mbili kila wiki, kwa mtu anayeishi kwa pensheni ya boila, ni hesabu isiyohitaji kalamu. Wakaanza kuruka Ijumaa. Baada ya mwezi miguu ya Akello ilivimba akawa havai viatu, na kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa anapumzika mara moja katikati. Nesi alimwambia Joab waziwazi kwamba mkewe akiendelea hivi hatafika Krismasi. Ilikuwa mwezi wa nane.

Ndipo kaunti yetu ikaleta basi la bure. Mabasi yalikuwa mawili, ya kijani, yakipita masokoni kila asubuhi mpaka hospitalini. Wazee wa miaka sabini kwenda juu, bure. Wagonjwa wa muda mrefu na mtu mmoja wa kuwasindikiza, bure. Wanafunzi, nusu nauli. Ulikuwa mpango mzuri na nilisema hivyo, ingawa si kawaida yangu.

Wiki ya kwanza wazee waliongezeka mpaka tukashangaa walikuwa wamefichwa wapi. Walivuka mpaka kutoka kaunti ya pili na fimbo zao, wengine wakitembea vizuri kuliko mimi. Basi likajaa watu waliokuwa wakienda kuuza kuku. Serikali ikafanya inachofanya siku zote ikikasirika: ikaleta fomu. Tangu hapo basi la bure likawa la wakazi wenye kadi, na fomu ya kadi iliuliza jina, umri, ugonjwa, na nyumbani ni wapi.

Joab alikuja dukani siku ya kwanza kabisa ya fomu, amevaa koti. Nilimwandikia jina la Akello. Umri, sitini na sita. Ugonjwa, figo. Msindikizaji, mume.

"Nyumbani?" nikauliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Ugenya," akasema.

Nikaandika Ugenya. Nilikuwa na watu tisa kwenye foleni, na mmoja wao alikuwa anagonga dirisha langu kwa sarafu. Mtoto wa shule angejua kwamba fomu ya kaunti hii haitaki kusikia Ugenya. Mimi nimesoma, na nikaandika.

Fomu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na muhuri mwekundu: si mkazi. Nilimwendea Joab mwenyewe na fomu mpya. Nilimkuta akimkanda Akello miguu kwa maji ya chumvi.

"Mzee, tuandike tu hapa," nikamwambia. "Neno moja. Hapa."

"Hapa ni kwa nyumba yangu," Joab akasema. "Nyumba mtu anaweza kuwa nazo hata tano. Nyumbani ni moja tu. Nyumbani ni pale watakuzika."

"Fomu haijauliza watakuzika wapi."

"Imeuliza nyumbani. Sasa nyar Kisii, unataka nidanganye serikali?"

Nyar Kisii ni mimi, binti wa Kisii, na ananiita hivyo akiona nimeanza kupandisha sauti. Nilikuwa nimeipandisha. Nilimwambia kwamba wenzake wote wameandika hapa, na hakuna aliyepigwa na radi. Akanijibu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Akello alikuwa amelala akitazama dari, anasikiliza. Nilitoka nimekasirika hata nikasahau kuaga, na njiani nikajiona mjinga, kwa sababu nilijua alichokuwa akikishikilia.

Mwaka 2008, kura zilipoharibika, vijana walipita hapa nyumba kwa nyumba wakiambia watu waende kwao. Sisi tulivuka Sotik kuelekea Kisii na magodoro kichwani. Joab na Akello walipanda lori la ng'ombe mpaka Ugenya. Mtu aliyefukuzwa akapata pa kwenda hasahau jina la mahali hapo. Mwezi wa tano kiwanda kilimpigia simu, kwa sababu boila lilikuwa limewakataa watu watatu na kumchoma mmoja. Akarudi, akaliwasha, na hakuna aliyezungumza naye juu ya jambo lile, wala yeye hakuzungumza na mtu.

Lakini Akello alikuwa anakufa, na hilo halikungoja. Ijumaa nyingine ilipita, na Jumanne moja pia ikapita. Jumatano asubuhi Joab alikuja dukani kabla sijafungua. Koti alikuwa amelivaa juu ya nguo za kulalia.

"Nisaidie," akasema. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo.

Wakati huo nilikuwa nimeambiwa kwamba fomu iliyokwisha kukataliwa haiwezi kubadilishwa dukani. Ilibidi mtu asimame kwenye baraza la chifu, aseme mwenyewe nyumbani ni wapi, na mwenye shamba katika kata ndogo amshuhudie. Bahati ilikuwa kwamba baraza lilikuwa siku hiyohiyo saa nne. Nilifunga duka nikaenda naye. Nilipoteza wateja na sikuwahi kuwataja kwake.

Chifu wetu ni Madam Bornes, mwanamke mpole mwenye muhuri usio na huruma. Tulikaa kwenye nyasi mpaka wakamaliza mambo ya maziwa na ya barabara. Kisha akasoma jina la Joab.

"Mzee, nyumbani ni wapi?"

Watu kama sitini walimgeukia. Nilimkanyaga mguu. Joab akasimama, akavua kofia, akafungua mdomo.

"Madam, mimi sitaki kukudanganya. Nyumbani ni Ugenya. Hapa naishi."

Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani immeze yeye kwanza. Bornes aliweka kalamu chini.

"Mzee, unataka basi ama unataka Ugenya?"

"Nataka bibi yangu afike hospitali," Joab akasema. Akaendelea kusimama. Mikono yake, iliyobeba magogo miaka thelathini na saba, ilikuwa inaikunja kofia na kuikunjua.

"Kuna mwenye shamba anamjua huyu mzee kama mtu wa hapa?" Bornes akauliza.

Walimjua wote. Lakini kumjua mtu ni bure, na kutia sahihi kwamba ni wa hapa ni jambo lingine, na wengi walianza kutazama viatu vyao. Kisha nyuma kabisa akasimama Kimeto, mwenye ekari nne za chai kando ya mto. Kimeto ni mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye barazani huongea habari za josho la ng'ombe tu. Nikadhani amekosea zamu.

"Mimi nitaweka sahihi," akasema.

"Unamjua vipi?"

Kimeto alikohoa. "2008 mimi ndio nilimfukuza."

Bornes alimtazama Kimeto, kisha akatazama fomu, labda akitafuta sehemu ya kuandika hilo.

"Kimeto, hiyo nitaandika aje?"

"Andika vile iko. Tulienda kwake usiku, mimi na wengine. Nikamwambia atoke hapa. Sasa kama hakuwa mtu wa hapa, mimi nilimfukuza kutoka wapi?"

Kimeto alipita katikati ya watu, akainama juu ya meza, akaweka sahihi yake polepole, kila herufi. Hakuomba msamaha, na Joab hakumpa. Walisimama wamekaribiana kama watu wawili wanaongoja kupimiwa majani, kila mmoja akitazama mbele.

"Mzee Opondo," Bornes akasema, safari hii taratibu. "Mara ya mwisho. Nyumbani ni wapi?"

"Andika hapa," Joab akasema.

Muhuri ukaanguka. Mimi nililia kidogo, na aliyekuwa karibu nami nikamwambia ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Habari zilifika Ugenya kabla kadi haijafika kwetu. Okeyo, mtoto wa kaka yake, alipiga simu kuuliza kama ni kweli baba yake mdogo amekana kwao mbele ya chifu wa watu wengine. Joab alimwambia ilikuwa mambo ya basi. Okeyo akasema wazee wamesikitika, na kwamba yeye, kwa kuwa kiwanja sasa hakina mwenyewe, anafikiria kupanda mihogo. Joab alizima simu akaiweka mezani kifudifudi.

Niliwapelekea kadi Jumatatu, nikiwa nimeitia laminesheni ya plastiki bila kudai kitu. Akello alikuwa amekaa kitandani. Aliishika kadi karibu na macho, akasoma jina, akageuka kwa mumewe.

"Wuon Molly, ulisema?" Wuon Molly ni baba Molly; Molly ni binti yao, yuko Nakuru.

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akaitazama kadi tena. "Basi nikifa nizikwe hapa."

Joab alimtazama kana kwamba amezungumza Kichina. "Min Molly, hiyo ilikuwa ya basi tu."

"Miaka arobaini na tano tangu unioe umeniambia mtu ako na nyumbani moja. Nimekusikia kila siku. Leo umeniambia ni wapi." Alitua kidogo apate pumzi. "Halafu nimechoka na safari. Kutoka hapa mpaka kwenye mashine inanitosha. Sitaki kupelekwa Ugenya nikiwa ndani ya sanduku, watu wakichangishana petroli."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Mimi sitakuwa nasikia."

Nilitaka kuondoka na sikujua nipite wapi, maana chumba ni kimoja na Joab alikuwa amesimama mlangoni. Mwishowe alisogea, akanishukuru kwa laminesheni, na nikaenda zangu.

Kesho yake walipanda basi la kijani saa kumi na mbili na nusu. Kondakta aliitazama kadi, akamtazama Akello, akamwonyesha kiti cha mbele. Walienda Ijumaa pia. Wiki ya tatu miguu ilianza kupungua, na mwisho wa mwezi Akello alivaa viatu akaja mwenyewe mpaka dukani kwangu kuniambia kwamba alama ya muhuri imetoka imepinda.

Siku chache baadaye, Jumamosi, nilikuwa narudi kutoka mtoni nikamwona Joab kwenye shamba la Kimeto. Kimeto alikuwa anachuma, kikapu mgongoni, na hakusimamisha mikono walipokuwa wakisalimiana. Nilipunguza mwendo. Nakiri kwamba nilifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Joab alimuuliza kama anaweza kumuuzia kipande kidogo.

"Kidogo kama nini?"

"Futi kumi kwa ishirini."

Kimeto akaacha kuchuma. "Hapo utajenga nini, Opondo?"

Joab alimwambia, bila kuficha, kwamba ni cha kuzikia, na kwamba ni cha watu wawili. Kimeto akashusha kikapu, akajifuta mikono kwenye aproni. Kisha akamwonyesha kwa kidole upande wa juu wa shamba, karibu na ua, mahali ambapo maji hayatuami.