Pilau la Kamba Mbili

Leo darasani mwalimu kafunga kamba mbili za usumba kwenye sanduku, kisha akachora mishale ubaoni. Harufu ya zile kamba ikanirudisha Mtoni, siku ya harusi ya dada. Sufuria la pilau lilikuwa juu ya mkokoteni uliofungwa kamba mbili kama hizo kwa mbele, mie nimeshika kifuniko. Baba mdogo alivuta moja mbele kushoto, kuelekea kwake. Mjomba akavuta ya pili mbele kulia, kuelekea kwake.

“Shemeji, wageni watakula kwangu!” alifoka baba mdogo.

“Kwako? Wataliwa wao na kunguni kwanza!”

Walilingana nguvu. Mkokoteni haukumfuata yeyote. Ulipita katikati yao, ukatumbukia kwenye dimbwi lililokuwa mbele, pilau na yote. Dada alilia, bata wakala. Mie nikabaki na kifuniko.

“Wewe unayecheka,” mwalimu kaniuliza, “sanduku litaelekea wapi?”

“Dimbwini, mwalimu.”