Pikapu ya Magazeti na Dawa ya Baba

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Isiolo, nikiishi na baba yangu katika nyumba ya kupanga mtaa wa Bulla Pesa. Mama alikuwa amefariki. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi hadi ugonjwa wa sukari ulipommaliza nguvu, daktari akasema vidonge havitoshi tena, lazima ajidunge insulini kila siku. Hospitali yetu mwezi huu ilikuwa nayo, mwezi ujao haina. Meru nako ilikuwa vivyo hivyo. Kwa hiyo binamu yangu aliyefanya kazi Nairobi alikuwa akitununulia, na shida ikabaki kuifikisha kwetu kabla haijaharibiwa na joto. Tulijaribu basi mara moja. Lilikwama njiani kutwa nzima, barafu ikayeyuka, na baba akajidunga dawa isiyo na nguvu kwa siku kadhaa kabla hatujatambua.

Iliyotuokoa ni pikapu ya magazeti. Ilitoka Nairobi alfajiri na kufika saa nne mbele ya duka la wakala, karibu na posta. Watu walikuwa wakiingoja. Wachuuzi wa ng'ombe walitaka habari za minada, walimu walitafuta nafasi za kazi, na wengi waliosomewa na wenzao walitaka tu kujua nchi imeamkaje. Mama mmoja wa Kimeru alikuwa amehamishia jiko lake la chai hapo kwa sababu ya pikapu hiyo, na fundi viatu akamfuata. Lakini wengine tulingoja vilivyokuwa chini ya mafurushi ya magazeti. Miwani iliyotengenezwa Nairobi ilikuja huko. Vyeti vya shule vilikuja huko, na mkanda wa kinu cha posho. Na mara moja kila mwezi, thamosi yetu, yenye chupa mbili ndogo katikati ya barafu.

Dereva alikuwa mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Hakutaka kulipwa. Alinipa thamosi, akauliza, "Mzee anaendelea je?" kisha akaenda kunywa chai yake.

Asubuhi moja hakuuliza. Aliniita kando ya gari.

"Mwalimu, hii ni ya mwisho," alisema. "Tumeletewa meneja mpya. Amesema dereva akipatikana na mzigo wa mtu, hata bahasha, kazi imekwisha."

"Hata dawa?"

"Hakutaja dawa. Hajui kama nabeba dawa. Hajui nabeba kitu chochote."

Nilirudi nyumbani nimekumbatia thamosi kama mtoto mchanga. Baba alinisikiliza, akachovya kidole katika mchanga wa mtungi tulimohifadhia chupa, kuona kama bado una unyevu wa kuipoza dawa. "Basi mwandikie huyo meneja," alisema. "Wewe si ndiye uliyesoma?"

Hilo ndilo lililoninyima raha. Nikiandika kwamba pikapu yao inaokoa maisha ya watu, nitakuwa nimemshtaki mtu yuleyule aliyetusaidia. Nisipoandika, mwezi utaisha. Nilianza barua nikaichana. Nilianza nyingine, nikasema "gari lenu" bila kutaja dereva, nikagundua kwamba njia yetu ina dereva mmoja tu, na hata mtoto angejua ni nani.

Kesho yake nilimwuliza dereva mwenyewe, akiwa kwenye chai yake. Aliweka kikombe chini.

"Nina watoto wanne," alisema. "Sikukatazi. Lakini usinitaje."

Niliiandika. Nilieleza kuhusu miwani, vyeti, mkanda wa kinu, nikaeleza kuhusu baba. Wakala aliongeza karatasi yake, akisema kwamba watu wanaokuja kuchukua vitu vyao huondoka na gazeti. Mama wa chai aliweka alama ya kidole gumba, fundi viatu naye, na mwenye kinu akatia sahihi. Nilipoitumbukiza barua ile katika sanduku la posta, mkono wangu ulibaki kwenye tundu, kana kwamba ningeweza kuivuta irudi.

Wiki ya kwanza hakuna jibu. Ya pili pia. Kila siku saa nne nilisikia injini nikiwa darasani, nikapoteza hesabu ubaoni, watoto wakacheka. Nyumbani nilianza kuona baba akinywa maji bila kukata kiu. Usingizi wa mchana ulizidi. Nikamwuliza kama anajidunga, akasema anajidunga. Siku moja nilimkuta akivuta dawa ndani ya sindano, nikaona imefika nusu tu ya alama yake.

"Abba, unafanya nini?"

"Naifanya ifike mbali."

Nilipaza sauti. Sikuwahi kumpigia baba kelele maishani mwangu. Niliona aibu usoni mwake, kisha nikaisikia pumzi yake: ilikuwa na harufu tamu, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Daktari alikuwa ametuonya kwamba harufu hiyo ni dalili ya hatari.

Hospitali yetu haikuwa na insulini mwezi huo, kwa hiyo asubuhi iliyofuata sikwenda shule. Nilisimama mbele ya duka la wakala nikiwa nimeamua kumpigia dereva magoti. Pikapu ilifika, mlango ukafunguka, akashuka kijana nisiyemjua.

"Yule mwingine yuko wapi?" niliuliza.

"Alitolewa kwa hii njia," alisema akirusha mafurushi. "Mimi sijui zaidi."

Nilijua nimemfukuzisha kazi, na dawa sijapata. Wakala alijaribu kusema neno, sikulisikia. Nilimwomba mama wa chai akae na baba, ampeleke hospitali akiona amezidiwa. Alifunika jiko papo hapo, chai ikiwa bado motoni. "Nenda," alisema. "Huyu ni kama baba yangu."

Nilipanda basi la kwanza. Usiku nilifikia kwa binamu, na asubuhi tukanunua dawa. Basi la kurudi lilikuwa la saa tano. Nilikuwa na saa mbili, na badala ya kukaa stendi nilikwenda kwenye ofisi za gazeti nikiwa nimebeba thamosi.

Meneja alikuwa mtu mpole kuliko nilivyomfikiria, jambo lililonichanganya. Barua yetu ilikuwa mezani kwake, na alama zote za vidole gumba.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Nilikuwa bado sijajua nijibu nini. Kifurushi cha mtu kikipotea, au kikikutwa na bangi, ni gari letu linalokamatwa."

"Naelewa," nilisema. "Lakini yule dereva msimfukuze. Nilimlazimisha mimi."

"Hajafukuzwa. Nimemhamishia njia ya Kisumu." Aligeuza karatasi ya wakala. "Sikujua kama kuna mji unaolingoja gari letu hivi."

Sikukaa kusikia zaidi, basi lilikuwa karibu kuondoka. Njiani kote nilikuwa nikifungua thamosi kidogo kuangalia barafu, hadi jirani yangu kitini akaniambia kwamba ninaimaliza kwa kuichungulia.

Baba nilimkuta hospitali, amelazwa, ametundikiwa maji, mama wa chai kando yake. Muuguzi alichukua chupa mkononi mwangu bila salamu. Kwa siku mbili baba hakunitambua vizuri. Siku ya tatu aliniuliza nani anafundisha darasa langu.

Mwezi ule ule wakala alipokea sanduku la bati lenye kufuli, na barua: dawa, vyeti na miwani vingekubaliwa, vikiandikishwa ofisini Nairobi na kufunguliwa na wakala mbele ya mwenyewe. Baadaye nilisikia miji mingine nayo ilipata masanduku kama hilo. Baba aliishi miaka minne zaidi, akitembea mwenyewe kwenda msikitini, na mama wa chai alijenga kibanda cha mabati.

Nilimwona yule dereva mara moja tu tena, baba angali hai, kule Nanyuki nilipokwenda kununua viazi. Alikuwa amesimama kando ya lori la kubebea karatasi la kampuni ile ile ya gazeti. Nilimwendea, nikamsalimu, nikamwomba msamaha kabla hajasema lolote.

"Mzee anaendelea je?" aliuliza.

"Anatembea."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akasema polepole, "Nilikukasirikia mwaka mzima, mwalimu. Mke wangu na watoto wako hapa Nanyuki. Nikiwa njia yenu nilipita hapa, nilikuwa nawaona kila siku. Kisumu nilikuwa nawaona mara moja kwa mwezi."

Aliniuliza bei ya viazi, nikamwambia, akasema nimelanguliwa. Halafu akapanda lori lake akaondoka, nami nikabaki nimeshika gunia, nikimtazama mpaka alipopinda kona.