Wembe kwenye Spika ya Ami

Juzi kijana mmoja aliniletea spika dukani kwangu Mombasa. Mimi, kama hunijui, ni fundi wa magitaa ya umeme, na hasa wa vile visanduku vya chuma ambavyo mpigaji huvikanyaga kwa mguu ili sauti ibadilike. Kijana alikuwa ameona kwenye simu kwamba hapo zamani, kabla ya visanduku hivyo, watu walikuwa wakikata karatasi ya spika kwa wembe ili gitaa lingurume. Naye akajaribu, akaharibu, na sasa alitaka nimrekebishie. Aliigeuza spika juu ya meza yangu nikaona mikato mitatu iliyonyooka. Nilimwomba anipishe kidogo nikafunga mlango, maana mwanamke wa umri wangu hapendezi kulia mbele ya mteja.

Ngoja nikueleze, ingawa mpaka leo sijamweleza mtu ila mmoja.

Mama yangu alikuwa mwalimu kutoka bara aliyehamishiwa kisiwani Amu nikiwa bado shule ya msingi. Tulipanga vyumba vya juu katika nyumba kuukuu ya mawe. Chini yetu aliishi jirani mshona kofia, zile nyeupe za vito, vitundu vidogo vya kudariziwa, zinazochukua miezi kumalizika. Nilimwita Ami, kama watoto wote wa mtaa. Asubuhi alikaa dakani, kwenye baraza la mlangoni, na sindano yake, na mimi nikitoka shule nilimkuta pale pale, mkewe ndani akikaanga bajia, harufu ya mafuta ikichanganyika na ya ng'onda. Mke wa Ami aliuza ng'onda, samaki wale wa kukaushwa, na aliwaweka katika chumba cha chini, kando ya gitaa na amplifaya ya mumewe. Wageni waliziba pua. Mimi hata sasa nikisikia harufu hiyo nakumbuka muziki.

Kwa maana Ami alikuwa na kazi ya pili. Palipokuwa na harusi, alipiga gitaa la umeme katika sherehe za wanawake. Na kwa kuwa ni sherehe za wanawake, wapigaji wanaume walikaa nyuma ya pazia. Bibi harusi na shangazi zake hawakumwona hata kidole. Walichokuwa nacho ni sauti yake tu, na kwa sauti hiyo walimjua, wakamwalika mpaka Siyu na Faza, kisiwa cha ng'ambo. Ilikuwa sauti safi, kila uzi umesimama peke yake. Alinifundisha alasiri baada ya alasiri, akiniacha niguse noti moja mpaka iwe haina mkwaruzo, na adhana ikilia alizima mashine hata kama nilikuwa katikati ya wimbo. Nikikosea na kuharakisha ili nifiche kosa, alicheka. "Sauti safi haina pa kujificha, mwanangu," alisema. "Rudia."

Nami nilichoka kurudia, nikwambie kweli. Likizo moja binamu yangu alikuja kutoka Nairobi na kaseti ya magitaa yanayonguruma, nikapagawa. Nilimwuliza Ami kwa nini lake halifanyi vile. Aliisikiliza kaseti yote kwa adabu, kisha akauliza kama mashine yao ilikuwa mbovu. Binamu alicheka mpaka akalala chini. Ndiye aliyeniambia kwamba mjini kuna visanduku vya kukanyaga, na asiye na kisanduku anaweza kuchana spika. Aliyasema hayo, akapanda boti, akarudi kwao, na mimi nikabaki na wazo hilo kichwani.

Siku moja kabla ya harusi ya Siyu, Ami alikwenda kuswali alasiri. Mkewe alikuwa jikoni. Nilichukua wembe kutoka kwenye kikasha cha Ami cha kushonea, nikafungua nyuma ya amplifaya, nikaikata karatasi ya spika iliyomo ndani mara tatu, kama mtu achanjaye samaki kabla ya kumtia chumvi. Nikawasha kwa sauti ndogo, nikapiga uzi mmoja. Ulinguruma! Sikuwahi kufurahi vile. Nilijiambia kwamba nimempa Ami zawadi, kwamba wanawake wa Siyu watashangaa, kwamba yeye mwenyewe atauliza ni nani aliyefanya ufundi huu, nami nitanyoosha mkono. Nikaurudisha wembe kikashani. Ami alirudi, akaitia amplifaya guniani bila kuijaribu. Kwa nini aijaribu? Haikuwahi kumwangusha.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo Mama aliniruhusu nifuatane na mke wa Ami. Tulivuka kwa boti, kisha tukashika njia ya miguu, amplifaya juu ya punda mmoja na betri ya gari juu ya mwingine. Njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu.

Mtoto alikuwa na ruhusa pande zote mbili za pazia. Nilikaa upande wa wapigaji. Mwimbaji alikuwa upande wa pili na wenzake; alikohoa kidogo, hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao, na Ami akaanza. Gitaa lilitoa sauti ya kukwaruza. Akapunguza, ikakwaruza. Akagusa waya, akaanza upya, ikawa mbaya zaidi, kwani kijingurumo changu kidogo cha chumbani, kilipopewa nguvu ya harusi nzima, kiligeuka mpasuko mtupu. Upande wa pili wa pazia mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Bwana huyu yeo ana mafua?" Vicheko vikaanza, na mwimbaji akasema haimbi juu ya kitu kama kile.

Mwanamume anayekaa nyuma ya pazia hana uso wa kutabasamu wala macho ya kuomba radhi. Ami alizima mashine. Aliigeuza, akafungua, akaingiza kidole, nikakiona kidole kikifuata mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole. Akatutazama sote tuliokuwapo. Hakunitazama kuliko wengine.

"Panya," akasema.

"Ni ng'onda za mkewe hizo zilizowaita!" sauti ikatoka ng'ambo ya pazia, na safari hii walicheka mpaka watoto. Mke wa Ami alikuwa amekaa mlangoni na buibui lake. Aliinamisha kichwa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikufungua mdomo.

Amu habari ilifika kabla yetu. Mke wa Ami aliacha kuuza ng'onda, maana watu walimtania kila alipopita, na biashara hiyo ndiyo iliyokuwa yake mwenyewe. Ami alibandika spika kwa karatasi na uji wa unga, ikapona nusu. Mwimbaji akapata mpiga kinanda. Walikuwapo wazee ambao hawakuamini habari ya panya, na watoto wote wa mtaa waliulizwa mmoja mmoja, mmoja wao akapigwa kofi na babake kwa ajili ya utundu wake wa zamani. Mimi sikuulizwa. Bibi wa nyumba ya pili alisema mbele yangu, "Mwana wa mgeni haulizwi," na Mama alijisikia fahari kwa heshima tuliyopewa. Nilijificha ndani ya heshima hiyo mwaka mzima na zaidi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ule wembe. Wembe ulikuwa utoto, kunyamaza kule nilikufanya kila asubuhi, kwa makusudi, nikishuka ngazi na kuamkia, "Shikamoo, Ami."

Siku za Ijumaa Ami alianza kuvaa kofia moja yenye mstari mweusi ubavuni. Nilimcheka kimoyomoyo: mshona kofia, avaa kofia chafu! Kisha Mama akahamishwa, tukafunga mizigo, tukaondoka.

Sasa niambie, mtu kama mimi alipaswa aishi kwa kazi gani? Nikawa fundi wa mngurumo. Nimeshatengeneza visanduku hivyo mpaka vidole vimepata sugu. Cha ovadraivu huipa sauti joto, kama mwimbaji anayeimba kupita kifua chake. Cha distoshen huenda mbali zaidi: hukata vilele vya sauti, vyote vikawa sawa. Naye mpigaji mvivu hukipenda kwa sababu kinafunika makosa. Mimi mwenyewe, nikipiga, sipigi bila kukanyaga.

Kijana yule alipoondoka na spika mpya, nilipanda basi, kisha boti. Nilibeba kisanduku kimoja kizuri nilichokitengeneza mwenyewe na amplifaya ndogo. Sijui nilidhani zawadi ile ingesaidia nini. Amu harusi sasa zina dijei na maspika marefu kama milango. Hakuna apigaye nyuma ya pazia, na dakani kwa Ami hapakuwa na mtu. Alikwisha kufariki. Mkewe yuko, mzee, macho yake mazima, naye alinitambua kabla sijasema jina, akaniita kwa mkono.

"Ndoo, mwanangu. Kaa hapa."

Nilikaa. Nilisema yote kwa mkupuo kabla ya chai kuletwa. Hakushtuka. Alipapasa magoti yake kidogo.

"Panya hashiki wembe," alisema. "Ami yako aliyua pale pale Siyu kuwa ni wewe; nani mwingine alitaka gitaa lingurume? Tuliporudi akakata uzi wa kushonea kwa wembe wake, ukaacha weusi wa karatasi ya spika kwenye kofia ya mtu. Ikawa haiuziki, akaivaa yeye."

"Mbona hakusema, Mama?"

"Aseme nini? Aliivaa uione, useme wewe. Kula Ijumaa akipita mbee yako. Mulipohama akaivua, hakuivaa tena."

Nilishindwa kumtazama. Nilimwomba radhi kwa niliyomtendea Ami, kisha kwa ng'onda zake mwenyewe, na hapo kwenye ng'onda ndipo sauti yake ilipobadilika. "Hayo ya ng'onda yalikuwa yangu," alisema. "Yeye alikusitiri. Mimi sikuulizwa kama nataka kukusitiri." Hakusema amenisamehe. Akainuka, akaniletea gitaa lenye nyuzi za kutu.

"Nipigie wimbo aliokufundisha."

Nilikaza nyuzi, nikaunganisha waya, nikaweka kisanduku changu sakafuni. Akakiangalia. Aliuliza ni cha nini, nikamweleza.

"Kiondoe," alisema.

Nikakiondoa. Nikapiga, na ikatoka yote: vidole vilivyochelewa, uzi uliozizima, noti niliyoirukia ili nifiche ile iliyotangulia. Alisikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani.

"Rudia," akasema.