Fimbo Kwenye Mabati

Miaka ile baada ya vita, sisi wakimbiaji wa timu ya polisi tulikaa kambini Naguru, kwenye vibanda vya mabati vya mviringo. Tuliviita "mama ingia pole", maana mlango ni mfupi na lazima uiname. Kila alfajiri kocha alipita akipiga kila kibanda kwa fimbo, nasi tukatoka kupanda kilima mbio, kushuka, na kupanda tena.

Watu husema mazoezi huleta usingizi mzuri. Waongo! Yalipozidi, nililala fofofo, lakini humo usingizini nilikimbia. Ndoto ilikuwa ileile: napanda kilima, nakaribia juu, najikuta chini. Nilimpiga mke wangu mateke mpaka akahamia mkekani. Kilichonitoa huko ni ile fimbo tu. Ikilia kwenye mabati, ndoto inakatika.

Kocha akaona nimekonda. "Kesho pumzika," akaniambia. "Kwako sitapiga."

Kesho yake akapita kwangu kimya. Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Jua lilipoanza kuchoma mabati nilikuwa bado humo ndotoni, nahema, mke wangu akinitikisa na kuniita bure. Mwishowe alichukua mwiko, akatoka nje, akagonga ukuta kwa nguvu zake zote.

"Ndiyo, afande!" nikaitika, nikaamka.

Mbio niliziacha zamani, na sasa tunaishi kwenye nyumba ya matofali. Mwiko ule bado uko chini ya kitanda, pamoja na kipande cha bati.