Niligoma kuteremsha nguo mbele ya baba mkwe

Nilikosa mimi, na nalisema mapema kabla hamjaanza kunipa pole.

Wakimbizi walipojaa kwetu Ngara, tuliitwa wote, wenyeji na wageni, kuchanjwa pale shuleni Mugoma. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama baba mkwe. Kwetu mkamwana hamwonyeshi baba mkwe hata bega.

Muuguzi alikuwa mama mkimbizi aliyeajiriwa na shirika moja. Akaniambia taratibu, "Mama, teremsha nguo, hapo nitakuchoma juu mno." Nikavuta shingo ya gauni kidogo tu. Akarudia. Nikamwambia, "Choma hapo hapo, watu wanasubiri." Akachoma.

Bega likakataa kuinuka. Jembe sikushika, kitambaa cha kichwani nikawa nafungwa na binti yangu. Daktari akasema sindano iliingia juu, ikaumiza kiungo. Nililia sana, kisha nikatafuta wa kumlaumu.

Mwanasheria mmoja wa mjini akanisaidia kudai fidia. Siku ya kikao, mbele ya wakubwa wa shirika, nikaulizwa kama muuguzi aliniambia niteremshe nguo. Nikasema hapana.

Muuguzi akasema alinisihi, na baba mkwe wangu alikuwepo. Mzee akaitwa.

"Mimi nilikuwa nimegeuza uso," akasema.

Ni kweli, aligeuka kwa heshima. Ila alisikia kila neno. Hakuna aliyemuuliza alisikia nini, na yeye mwenyewe hangeanza kulizungumza bega la mkamwana mbele ya watu. Nililijua hilo tangu nilipoingia mle ndani.

Nikalipwa. Muuguzi akaachishwa kazi siku hiyo hiyo, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe kambini.

Nilimkuta mlangoni anakunja koti lake jeupe. Akaniuliza, "Bega linaendeleaje, mama?" Nikamjibu linauma. Katika yote niliyosema siku ile, hilo ndilo lilikuwa la kweli.

Ndugu yangu unayesoma, ukiumizwa dai fidia, ni haki yako. Lakini ukiulizwa jambo la aibu, lijibu hivyo hivyo na aibu yako. Ningeaibika kwa dakika chache, nikaenda nyumbani kupika.

Nimeshaungama kanisani. Padri akaniambia nikamwombe radhi yule mama. Nilikwenda kambini, nikakuta wamesharudishwa kwao, na mahali alipokuwa akiishi pameota majani.